Baiskeli bila malori: jaribu Kolo

Ndugu yangu, umeuliza utaendesha wapi siku mbili tatu kutoka Dodoma bila kusukumwa pembeni na malori, tena upate miamba mirefu kama ya pwani. Bahari hatuna. Miamba ipo: nenda Kolo, wilayani Kondoa.

Barabara ya Morogoro isahau kabisa. Hata ya Kondoa siku hizi ni lami na mabasi yanakimbia, kwa hiyo pakia baiskeli kwenye basi hadi Kondoa mjini, uanzie hapo. Mpaka Kolo ni kama kilomita 20. Ofisi ya Mambo ya Kale iko palepale. Lipia kiingilio, chukua mwongozaji, mpande kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukiwa juu unaiona nyika ya Wamasai imelala mashariki yote, na hapo, kwa maoni yangu, pwani haifui dafu. Njia za vijijini ni vumbi, ng'ombe na salamu. Waamkie wazee, utaelekezwa vizuri kuliko ramani ya simu.

Kinachokatisha safari huku ni miiba ya migunga. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, gundi na pampu. Tairi pana zitakuokoa kwenye mchanga wa makorongo. Nenda kati ya Juni na Oktoba, na uondoke alfajiri kabla upepo haujachachamaa.

Ukiwa na siku moja tu, Hombolo inatosha: bwawa, mashamba ya zabibu, na jioni uko nyumbani.