Kitunguu saumu kabla ya theluji

Kwa uliyeuliza kama huko Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, umechelewa kupanda kitunguu saumu: hujachelewa, mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba ndio wakati wake. Kinahitaji miezi ya baridi ili kigawanyike. Ukingoja Aprili, mara nyingi utavuna kibonge kimoja kisicho na punje.

Changanya mboji kwenye udongo, bandua punje siku ya kupanda bila kuvua ganda, chagua nono. Ncha juu, kitako chini, kina sentimita 5 hadi 8, nafasi 15. Kisha tandaza mabua makavu ya ngano, unene wa sentimita 10. Usiache kuyatandaza tafadhali! Udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara huzisukuma punje juu, mizizi ikakatika.