Funguo za sanduku zikae kwenu

Dada, umeniuliza wanawake wenzako muanzie wapi kujiinua; nianze na mashine. Ililetwa kwetu Majanji, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, na gari jeupe. Ikapigwa picha, nasi wanawake wa mukene, yaani dagaa, tukapigwa picha pembeni yake. Ilikuwa ya kukaushia samaki kwa jua. Mvua kubwa ya kwanza ikachana nailoni yake, fundi yuko Kampala, na kabla mwaka haujaisha kuku walikuwa wakilala ndani. Sitawataja walioileta, nia yao ilikuwa njema. Ila hawakutuuliza tumekwama wapi.

Tungeulizwa, tungejibu: mchanga. Mukene (ng'ambo ya mpaka, Kenya, wanamwita omena) akianikwa chini hubeba mchanga, na mwenye mchanga huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, anaoza kabisa. Dawa yake ni uchanja: fito za mkaratusi, juu wavu mkuukuu. Upepo unapita juu na chini, anakauka upesi na safi. Ukivunjika, shemeji yeyote mwenye panga anautengeneza.

Pesa za fito zilitoka kwenye sanduku letu, la kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Basi dada unayeniuliza uanzie wapi, anzia kwenye sanduku. Tafutaneni wanawake 15 hadi 30 mnaojuana. Kila wiki mtu anunue hisa moja hadi tano. Hisa yetu ilikuwa shilingi 2,000, na wenye maduka walipotaka ipande tulikataa, maana anayetoka ziwani na 2,000 tu ndiye tuliyemkusudia. Kufuli tatu, wenye funguo watatu, na anayelala na sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu. Pesa zihesabiwe kwa sauti, na kila mmoja aondoke amekariri salio. Kuna bibi kwetu asiyejua kusoma. Ndiye aliyemkamata katibu amepunguza 10,000 kwenye daftari.

Halafu, msivunje sanduku, yaani kugawana akiba, Desemba! Mwaka wa kwanza tulivunja, pesa zote zikaishia kwenye nyama na nguo za Krismasi. Shule hufunguliwa karibu na Februari. Siku hizi tunagawana mwishoni mwa Januari, na ada inalipwa kesho yake asubuhi, kabla mzee wa nyumbani hajaanza kuota pikipiki. (Waume waelezeni mapema, lakini. Siri ya sanduku ilituletea ugomvi zaidi kuliko pesa zenyewe.)

Kuna pia pesa za serikali za mpango wa maendeleo wa parishi (parishi ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), zilizoanza 2022: shilingi milioni 100 kwa kila parishi, na aliye kwenye kikundi anaweza kukopa hadi milioni moja. Chukueni, ila ni deni, litalipwa. Wengi walinunua nguruwe kwa sababu jirani kanunua nguruwe, na homa ya nguruwe haina huruma. Mimi milioni yangu niliitia kwenye uchanja wa tatu.