Mzigo Wako Ukizuiwa Forodhani

Lenzi ya kamera niliyoiagiza ng'ambo haikunifikia. Kilichonifikia ni barua ya forodha iliyoeleza kwamba kifurushi kimezuiwa, na iliyonitaka nipeleke uthibitisho wa bei niliyolipa. Kwa kuwa nilidhani kuzuiwa na kutaifishwa ni jambo moja, niliiweka kando, na nilipoisoma tena kwa makini muda wa kujibu ulikuwa umekwishapita na lenzi imekwishataifishwa. Bado linaniuma, kwa sababu risiti nilikuwa nayo.

Mzigo uliozuiwa bado ni wako. Unasubiri maelezo, kibali au malipo ya ushuru. Uliotaifishwa umo mikononi mwa serikali, na kuudai ni kwa njia ya rufaa, ambayo nayo ina muda wake. Barua ikifika, tazama kwanza tarehe ya mwisho na namba ya kumbukumbu, kisha jibu kwa maandishi ukiambatisha ankara na uthibitisho wa malipo.

Chanzo cha tatizo langu kilikuwa karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya boksi. Vifurushi vya posta husafiri na tamko la forodha, CN 22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN 23 kwa vya thamani kubwa zaidi, na hulijaza mtumaji. Muuzaji wangu aliandika "zawadi" na kutaja sehemu ya tano tu ya bei, akiamini kwamba ananipunguzia ushuru, ilhali afisa wa forodha anaweza kuitafuta bei ya lenzi kama ile mtandaoni kwa dakika chache. Lililonishangaza ni kwamba aliyetakiwa kujieleza ni mimi, kwani mpokeaji ndiye anayehesabiwa kuwa mwagizaji. Tangu hapo, kabla ya kulipa, humwandikia muuzaji nikimtaka ataje bei halisi na jina kamili la bidhaa, na akiahidi kushusha thamani, humwacha nikatafuta mwingine.

Zipo bidhaa ambazo risiti haiziokoi. Mkoba wa ngozi ya chatu huhitaji kibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliosainiwa Washington mwaka 1973, hata kama uliuzwa dukani hadharani. Melatonini ya kusaidia usingizi, inayouzwa Marekani bila cheti cha daktari, Uingereza hutolewa kwa cheti. Viatu vyenye alama bandia vinaweza kuteketezwa hata kama mnunuzi aliamini ni halisi. Kwa vitu vya aina hii, iulize forodha ya nchi yako kabla ya kuagiza, kwa maana muuzaji huzijua sheria za kwake tu.

Jihadhari pia na ujumbe wa simu unaodai kwamba mzigo wako umekamatwa na kukutaka ulipe papo hapo kupitia kiungo. Usikifungue. Chukua namba ya ufuatiliaji uliyopewa wakati wa kununua, uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya posta au ya msafirishaji, uone mzigo umefika wapi.