Pombe, jeni na hamu inayorudi ukipita baa

Dada, umeuliza kama pombe imeharibu jeni za kaka yako, maana kila akipita baa hamu inamrudia. Jeni ni zilezile. Kinachobadilika ni zipi zinasomwa, na kwa kiasi gani. Ini huvunja pombe kuwa asetaldehaidi, kisha asetati, ambayo husafiri na damu hadi kwenye ubongo. Huko kimeng'enya ACSS2 huigeuza kuwa asetili-CoA (kemikali inayobeba kipande kidogo kiitwacho asetili), na asetili hiyo hubandikwa kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezizunguka. Hapo DNA hulegea, na jeni za kumbukumbu husomwa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha hayo mwaka 2019 (kwa panya, si watu): ACSS2 ilipopunguzwa kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu), panya hawakujenga mazoea ya kukimbilia chumba walikopewa pombe.

Basi abadilishe njia ya kurudi nyumbani. Kujikaza mlangoni mwa baa ni kujitesa. Ila kama bado anakunywa sana kila siku, asiache ghafla bila daktari: degedege huweza kumshika ndani ya saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Mikono ikitetemeka na jasho likimtiririka, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.