Barua kwa mwanangu: kubadilisha daraja la kuachishwa jeshi baada ya kipimo cha mkojo

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli lile OTH (Other Than Honorable, daraja lisilo la heshima) lililo kwenye DD 214, karatasi yako ya kuachishwa, litajibadilisha lenyewe baada ya miezi sita, kama wenzako wanavyosema. La pili, kama si kweli, uanzie wapi, maana jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuachisha mwaka 2016 kwa bangi iliyoonekana kwenye mkojo, miezi michache baada ya kurudi Afghanistan.

Si kweli. Hakuna daraja la kuachishwa linalobadilika lenyewe, si kwa miezi sita wala kwa miaka kumi. Uvumi huo ni wa zamani, na umewafanya watu wengi wakae wakisubiri huku muda wa sheria ukiwapita. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kuomba hata siku ya pili baada ya kutoka, na asipoomba, karatasi inabaki vilevile mpaka anaingia kaburini.

Muda wako ndio huu. Bodi ya kwanza, ile ya Mapitio ya Kuachishwa, inapokea fomu DD 293 ndani ya miaka 15 tangu siku uliyotoka. Kwako mlango huo unafungwa 2031, na fomu inatakiwa iwe imeshafika kabla ya tarehe, si iwe njiani. Bodi ya pili, ya Marekebisho ya Rekodi za Jeshi, inatumia fomu DD 149. Kisheria muda wake ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi yenyewe inaweza kuusamehe kwa maslahi ya haki, na mara nyingi hilo ndilo kimbilio la waliochelewa au waliokataliwa na bodi ya kwanza. Walioachishwa kuanzia tarehe 20 Desemba 2019 wana ngazi ya tatu ya rufaa, ila wewe ulitoka kabla.

Kabla ya kuomba, jua unachoomba. Juu kabisa ni Honorable, heshima kamili. Chini yake General, ambayo bado inahesabiwa kuwa ni ya heshima. Kisha OTH, ambayo ndiyo ya kwako, na chini ya hapo ni zile mbili zinazotolewa na mahakama ya kijeshi tu. Ukipata General, matibabu, fidia ya ulemavu na mkopo wa nyumba kutoka Idara ya Maveterani, VA, vinakuwa wazi kwako ukitimiza masharti mengine. Lakini ada ya chuo ya Post-9/11 GI Bill inadai Honorable. Kwa hiyo andika kwamba unaomba Honorable, na kama bodi haitaona hivyo, basi General. Tena usiishie kwenye daraja. Chukua ile nakala ndefu ya DD 214, yenye alama ya Member-4, uangalie visanduku vya 24 mpaka 28: daraja, kanuni iliyotumika, msimbo wa kuachishwa, msimbo wa kurudi jeshini, na sababu kwa maneno. Kwa kesi za namna yako msimbo huwa JKK na sababu huandikwa utovu wa nidhamu, matumizi ya dawa za kulevya. Mwajiri akiiona hiyo, hata daraja likiwa zuri, ameshasoma kila kitu. Omba sababu ibadilishwe iwe Secretarial Authority, yaani mamlaka ya waziri wa jeshi, ambayo msimbo wake ni JFF, na msimbo wa kurudi jeshini urekebishwe ipasavyo.

Sasa mafaili. Usiandike hata sentensi moja ya maelezo yako kabla hayajafika. Jaza fomu SF 180 uitume kwenye kituo cha kitaifa cha rekodi za watumishi kilichoko St. Louis, na uandike wazi unachotaka: faili zima la utumishi, pamoja na pakiti ya kuachishwa yenye barua ya kamanda, majibu yako, ushauri wa mwanasheria na uamuzi wa mwisho. Omba pia rekodi za matibabu, na hapo kaza uzi, kwa sababu kumbukumbu za afya ya akili na za mpango wa kuacha dawa mara nyingi hazimo ndani ya faili la utumishi. Zinakaa hospitali ya kambi uliyotibiwa, na zinaombwa kivyake. Anayetuma maombi bila pakiti hii anabishana na karatasi ambazo bodi inazo mkononi na yeye hajaziona. Nayo bodi inaanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifuata taratibu, na kuonyesha vingine ni mzigo wako.

Ukishazipata, soma kwanza ukitafuta makosa ya jeshi lenyewe. Tafuta karatasi ya kusindikiza mkojo, DD 2624, uangalie sababu ya kipimo iliyoandikwa kwa herufi mbili. Kama ulipimwa kwa ukaguzi wa ghafla wa kikosi, hapo hakuna mlango. Lakini kama kamanda alikutuma upimwe kwa sababu alitilia shaka kama unafaa kufanya kazi siku hiyo, au kama ulijipeleka mwenyewe kuomba msaada na habari zikatokea huko, kanuni ya jeshi AR 600-85 ina ulinzi mahususi: majibu hayo hayatakiwi kutumika kuamua daraja, na jeshi likiyaingiza kwenye kesi ya kuachishwa, mtu anastahili Honorable. Wengi wanapita juu ya herufi hizo mbili bila kujua uzito wake.

Jambo la pili la kutafuta ni uchunguzi wa daktari. Sheria ilishadai wakati ule kwamba askari aliyepelekwa nje kwenye operesheni ndani ya miezi 24 iliyopita, na aliyegunduliwa au anayedai kwa msingi wa maana kwamba ameathiriwa na PTSD (ugonjwa wa akili unaotokana na matukio ya kutisha) au jeraha la ubongo, asiachishwe kwa daraja lisilo la heshima kabla daktari hajamchunguza na majibu hayajasomwa. Wewe ulikuwa ndani ya miezi hiyo. Kama ulikuwa umeshasema hulali, au daktari alishaandika kitu, na pakiti haina uchunguzi huo, andika hivyo kwa tarehe. Angalia vilevile kama ulipewa haki ya kusikilizwa na bodi ya kikosi, maana mtu anayetishiwa OTH anayo haki hiyo, na kama uliikataa kwa saini, ulishauriwa na nani.

Ukikosa kosa la utaratibu usikate tamaa. Kesi nyingi za bangi zinasimama kwenye upande wa haki na usawa, na hapo ndipo penye uzito wa kesi yako. Kuna nyaraka tatu za Wizara ya Ulinzi ambazo bodi zinafuata, kila mmoja ukiitwa kwa jina la kiongozi aliyeutia saini: waraka wa Hagel wa 2014, wa Kurta wa tarehe 25 Agosti 2017, na wa Wilkie wa Julai 2018. Wa Kurta ndio wako. Unaziagiza bodi ziziangalie kwa jicho la ukarimu kesi zenye PTSD, jeraha la ubongo au dhuluma ya kijinsia jeshini, na unaweka maswali manne. Je, mtu alikuwa na hali inayoweza kupunguza uzito wa kosa? Ilikuwepo wakati wa utumishi? Kweli inaeleza au inapunguza uzito wa kosa lile? Na je, inazidi uzito wa kuachishwa kule? Waraka huohuo unakubali kwamba kutafuta kilevi ili kujitibu dalili za akili ni jambo la kuzingatiwa, na unasema wazi kuwa bangi, ingawa bado ni haramu jeshini, leo inaweza kuonekana nyepesi kuliko ilivyoonekana miongo iliyopita. Unasema pia kwamba ushahidi wa mwenyewe, hata peke yake, unaweza kutosha kuonyesha kuwa hali ile ilikuwepo.

Watu wanaanguka kwenye swali la tatu. Wanaleta cheti cha daktari kinachosema wana PTSD, wanadhani wamemaliza. Cheti kinajibu swali la kwanza, labda na la pili. Bodi inataka kamba inayofunga ugonjwa na tendo: ulianza kukosa usingizi lini, ndoto zilianza mwezi gani, bangi ulivuta lini, kwa nini ile na si kingine, ilikusaidia nini, na kabla ya kupelekwa vitani ulikuwa unaitumia au hukuitumia. Mwombe mtaalamu wako aandike barua fupi inayosema hivyo kwa maneno yake: dalili zilianza wakati wa utumishi, na kwa maoni yake matumizi yale yalikuwa ni kujitibu dalili hizo. Kama VA imeshaamua kwamba maradhi yako yametokana na jeshi, ambatanisha uamuzi huo, una nguvu sana. Jua pia kinachokata kamba: matumizi yaliyoanza kabla ya kujiunga, kuuza, au jambo lililopangwa mapema. Kama lolote katika hayo limo kwenye faili lako, usilinyamazie. Lieleze.

Maelezo yako yawe kurasa mbili au tatu. Anza na utumishi: kazi, tuzo, safari ya Afghanistan, tathmini nzuri. Kisha kilichotokea, kwa tarehe. Kisha kosa, ulikubali bila kuzunguka. Kisha maisha tangu 2016. Usimlaumu sajini, usiseme maabara ilikosea kama huna karatasi, na usiandike ulivuta mara moja wakati faili linaonyesha vipimo viwili. Uongo mdogo wa namna hiyo unaua kesi iliyokuwa inapona.

Barua za watu zichague. Tatu au nne nzuri zinatosha: aliyekuwa nawe kikosini aliyekuona ukibadilika, mke wako au mama yako aliyekuona usiku uliporudi, mwajiri, na kiongozi wa msikiti au wa jumuiya. Kila mmoja aseme anajua kwamba uliachishwa kwa bangi. Barua ya kukusifu kuwa ni kijana mwema kutoka kwa mtu asiyejua kosa, bodi inaisoma na kuiweka kando. Waraka wa Wilkie unaangalia muda uliopita, kazi, majuto na mwenendo, kwa hiyo weka vyeti vya masomo, ushahidi wa ajira, na majibu safi ya vipimo kama unayo.

Kwenye DD 293 utaulizwa kama unataka bodi isome faili tu au ikusikilize. Mimi nashauri faili kwanza. Ukikataliwa, bado unaweza kuomba kusikilizwa, siku hizi mara nyingi kwa video. Ukianza na kusikilizwa, nafasi ya faili umeipoteza. Ila usisubiri mpaka 2030, maana vyote viwili vinahitaji kuingia ndani ya miaka 15. Bodi ina wajumbe wasiopungua watatu, wengi ndio wanaoamua, na katika kesi ya PTSD lazima awemo mtaalamu wa afya ya akili. Majibu yanaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ukihama nyumba waandikie mara moja, la sivyo barua zitakwenda anwani ya zamani. Maamuzi ya nyuma ya bodi yako mtandaoni, majina yakiwa yameondolewa. Tafuta ya jeshi la nchi kavu yenye bangi na PTSD, usome waliofanikiwa walileta nini.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo linanitia wasiwasi kuliko mengine. Uraia wako uliupata kupitia jeshi, na hukutimiza miaka 5. Sheria inasema uraia wa namna hiyo unaweza kufutwa iwapo mtu ataachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima. Inaweza, si lazima, lakini OTH ndiyo sababu yenyewe, na General inaiondoa. Na yule mwenzako aliyeingia kwa MAVNI, mpango uliochukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, kama bado ana kadi ya kijani tu, mwambie asitie saini maelezo yoyote ya kukiri bangi kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Maneno yanayomsaidia mbele ya bodi yanaweza kumfanya azuiwe mpakani siku anaporudi kutoka Mombasa au Dar.

Maombi yenyewe hayana ada. Kabla ya kumlipa wakili, jaribu NVLSP au The Veterans Consortium, mashirika ya msaada wa kisheria kwa maveterani, au kliniki za sheria za vyuo vikuu. Wanasaidia bure wanapokubali kesi. Na usingoje bodi ili utibiwe. Hata ukiwa na OTH, VA inaweza kutoa huduma ya afya ya akili kwa aliyetumikia zaidi ya siku 100 na akapelekwa eneo la vita. Omba huduma hiyo sasa, wakikukataa dai uamuzi wa maandishi. VA ina utaratibu wake wa kupima tabia ya utumishi, hauingiliani na bodi, na kumbukumbu za matibabu utakazopata huko ndizo zitakazojibu lile swali la tatu.

Tuma SF 180 wiki hii. Pakiti ikifika, nitumie nakala ya DD 2624 na barua ya kamanda kabla ya kuanza kuandika, tuzisome pamoja kwa simu.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako