Kabla hujanunua mahindi ya kusubiri bei

Juzi kijana mmoja wa Dar ameniandikia: "Kaka, nina akiba kidogo. Nataka ninunue mahindi Rukwa mwezi wa saba, niyaweke, niuze mwezi wa pili. Italipa?" Swali hili naulizwa kila msimu, na kila mara linanirudisha mwaka 2017.

Mwaka ule hapa Laela, Rukwa, tulivuna vizuri. Nilianika kwenye turubai, nikapepeta, nikaweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, hakupata pa kupenya. Lakini mwezi Juni Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba mahindi yasivuke mpaka, anayetaka kuuza nje auze unga. Lengo lilikuwa kulinda chakula cha nchi. Sisi wa Rukwa mpaka wa Tunduma, wa kuingia Zambia, uko karibu kuliko Dar. Malori yalipoacha kuja, dalali akanitajia bei isiyorudisha hata hela ya mbolea. Ada za watoto hazisubiri, nikauza. Mpaka leo inaniuma.

Nasema wazi: nchi haishibi kwa kumbana anayelima. Bei ikianguka namna ile, msimu unaofuata mtu anapunguza eka, anaacha kununua mbolea, halafu unga ukipanda mjini tunaulizana kulikoni. Serikali ikitaka akiba, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) inunue mapema, kwa bei iliyotangazwa kabla ya kulima, na ilipe kwa wakati. Mkulima apewe sababu ya kulima, siyo amri.

Sasa wewe, mdogo wangu. Mpaka hauko mikononi mwako. Ukavu wa mahindi uko. Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, hayo mahindi bado mabichi, usiyafunge kwenye mfuko. Unyevu ndio unaoleta sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, na sumukuvu inaua: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na ilipofungua siku chache baadaye ikataka cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Msimu ule wanunuzi walikuja na vipimo. Mzigo wangu ulipita wote, na najivunia hilo.

Kausha. Narudia, kausha. Usiingize hela ya kodi ya nyumba wala ya mkopo, kwa sababu anayedaiwa hawezi kusubiri bei. Usitume pesa kwa dalali ukiwa Dar. Njoo mwenyewe, nunua kwa mizani, na mtu akikuletea lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mwambie afungue gunia apime upya mbele yako.