Usimwambie daktari "tumbo linauma" ukaishia hapo

Miaka tisa nilikuwa nawaambia madaktari neno lilelile: tumbo linaniuma nikiwa kwenye siku zangu. Na miaka tisa nikitoka na vitu vilevile, diklofenaki ya kutuliza maumivu na agizo la kunywa maji mengi. Mara mbili nilipewa dawa za UTI bila kupimwa mkojo. Marehemu shangazi yangu alishatoa hukumu yake zamani: hilo ni chango, ukizaa litaisha. Daktari mmoja hapa Dar naye alisema hivyohivyo, ila yeye hakulitaja chango.

Kilichonitoa hapo ni daftari. Miezi mitatu niliandika tarehe, idadi ya pedi, maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10, dawa niliyomeza na kama ilisaidia. Zaidi ya yote niliandika nilichoshindwa kufanya. "Nimeshuka daladala Mwenge, nimekaa chini kituoni, kazini sikufika." "Haja kubwa kama wembe." Hiyo ya haja kubwa niliiona aibu, na ya tendo la ndoa ndiyo kabisa, nikataka kuzifuta. Kumbe ndizo daktari alizozirudia kusoma! Tumbo la hedhi wanalo wengi. Lakini likiambatana na maumivu ya kujisaidia au ya tendo, daktari makini huanza kuwaza endometriosisi: tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake, kwenye ovari, hata kwenye utumbo.

Sasa utrasaundi. Yangu ilikuja "safi" na nusura faili lifungwe. Nikauliza, "Dokta, majibu haya yanaonyesha kwamba sina, au kipimo ndicho hakioni?" Akakiri hakioni kila kitu. Uvimbe wa damu kwenye ovari unaweza kuonekana, ila vidoa vidogo vilivyosambaa tumboni mara nyingi havionekani. Swali hilo ndilo lililonipatia rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Uliza kwa adabu, lakini uliza, na usiinuke kitini kabla hujajibiwa.

Nenda na mtu aliyekuona ukiumwa. Mimi nilikwenda na mama, na haikuwa rahisi kumshawishi. Nilimkumbusha Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, ambaye amezungumza hadharani kuhusu ugonjwa huu, ndipo akaamini si uvivu wangu. Akamwambia daktari jinsi anavyoniona nikitambaa kwenda chooni. Alisikilizwa haraka kuliko mimi mwenye tumbo. Iliniudhi, lakini siku hiyo nilichotaka ni matibabu.

Bingwa alinianzishia vidonge vya homoni hata kabla ya laparoskopi, yaani upasuaji mdogo wa kuchungulia tumboni kwa kamera, maana si lazima upasuaji utangulie. Ni vile vya uzazi wa mpango, na mama alinuna njia nzima akidhani nimeruhusiwa uhuni. Baadaye kamera iliyopitishwa kitovuni ikaonyesha vidoa nyuma ya kizazi.

Sijapona, na dawa ya kuung'oa kabisa bado haijapatikana. Ila miezi mingi sasa naishia 4, siku mbaya 6. Mama ameacha kuniletea chai ya tangawizi kama jibu la kila kitu. Anachungulia mlangoni, anauliza, "Leo ngapi?"